Chembechembe za plastiki zinavyoathiri ukuzaji wa mwani mdogo

MKULIMA wa spirulina hana jembe wala panga. Shamba lake ni maji ya kijani kilichokolea, yenye kina cha sentimita 20 hivi, yanayozungushwa na gurudumu lenye makasia ndani ya kidimbwi kilichotandikwa turubai la plastiki na kuezekwa kwa plastiki angavu. Mavuno yake huchujwa kwa kitambaa cha nailoni, yakaanikwa juu ya wavu wa plastiki, yakasagwa na kutiwa katika kifuko cha plastiki. Kisha mnunuzi husoma kwenye kibandiko kwamba unga huo ni chakula safi kisicho na kemikali.

Kwa zaidi ya miaka kumi sasa, watafiti wa nchi mbalimbali wamekuwa wakichunguza jinsi chembechembe za plastiki zilizozagaa majini zinavyowaathiri viumbe hao wadogo wa kijani. Kwa mkulima, maswali ni mawili. Je, plastiki hudumaza zao? Na je, huingia ndani ya zao? Swali la kwanza ndilo lililoandikwa zaidi na kuogopwa zaidi. Makala haya yataonyesha kwamba la pili ndilo linalostahili kumnyima mkulima usingizi, na kwamba sehemu kubwa ya jibu lake haiko mtoni wala ziwani bali iko chini ya paa lake mwenyewe.

MANENO KWANZA

Katika lugha ya Pwani, mwani ni ile mimea ya baharini inayosukumwa na mawimbi hadi ufuoni, na ambayo akina mama wa Kibuyuni katika Kaunti ya Kwale, sawa na wenzao wa Unguja na Pemba, huifunga kwenye kamba na kuikuza kwa ajili ya soko la ng'ambo. Huo ni mwani mkubwa, nao hauhusiki hapa. Mwani mdogo ni viumbe wa seli moja, au mnyororo mfupi wa seli, wasioonekana kwa macho matupu ila wanapojazana kwa mamilioni hadi maji yakabadilika rangi. Kipimo chao ni maikroni, yaani sehemu moja ya elfu ya milimita. Chlorella ina upana wa maikroni 2 hadi 10, ilhali unywele wa binadamu una unene wa maikroni 70 hivi. Spirulina, ambayo wanasayansi huiita Arthrospira, ni uzi uliojisokota mithili ya springi na unaoweza kufikia urefu wa maikroni mia kadhaa. Kusema kweli spirulina si mwani bali ni bakteria wa rangi ya kijani na buluu wenye uwezo wa kujitengenezea chakula kwa nuru ya jua. Hata hivyo, wakulima na wafanyabiashara wamezoea kuihesabu miongoni mwa mwani, na hapa tutawafuata.

Upande wa pili wa mada, ubishi wa jina haujaisha hata katika vyumba vya habari. Wapo waandishi wanaoleta makala yenye neno "maikroplastiki", na wapo wanaopendelea "vijiplastiki". Mwandishi huyu, ambaye kazi yake ni kusahihisha ya wengine, hushikilia "chembechembe za plastiki" kwa sababu moja tu: msomaji halazimiki kuelezwa mara ya pili.

Zilianza kujulikana ulimwenguni mwaka 2004, wakati Richard Thompson wa Chuo Kikuu cha Plymouth nchini Uingereza na wenzake walipochapisha katika jarida la Science matokeo ya uchunguzi wa mchanga wa fuo na maji ya bahari. Tangu hapo imekubalika kwamba kipande chochote cha plastiki kisichozidi milimita 5 kinaingia katika kundi hili. Baadhi hutengenezwa vikiwa vidogo tangu kiwandani. Vingi hutokana na kumeguka kwa vikubwa: mfuko uliochakaa kwa jua, chupa iliyosagwa na mawimbi, uzi uliong'oka katika shati la poliesta likifuliwa kando ya mto.

ZAO LENYE HISTORIA NDEFU

Asidhani msomaji kwamba kula mwani mdogo ni uzushi wa maduka ya kisasa ya vyakula vya afya. Kabla ya Wahispania kufika Mexico katika karne ya 16, Waazteki walikuwa wakikusanya utando wa kijani katika Ziwa Texcoco na kuukausha kama mkate. Barani Afrika, wanawake wa jamii ya Kanembu wanaoishi karibu na Ziwa Chad wamekuwa tangu zamani wakichota maji ya kijani katika vidimbwi vya magadi, wakiyamwaga juu ya mchanga ili maji yazame, na kukata kile kinachobaki vipande vipande. Chakula hicho huitwa dihé na hutiwa kwenye mchuzi wa kulia ugali wa mtama. Mtaalamu wa mimea kutoka Ubelgiji, Jean Léonard, ndiye aliyekifanya kijulikane na wanasayansi baada ya kukikuta akiwa katika msafara wa miaka ya 1964 na 1965.

Nchini Kenya, mlaji mkuu wa spirulina ni ndege. Makundi ya heroe wadogo, ambao wengi huwaita flamingo, yaliyovipa Ziwa Nakuru na Ziwa Bogoria sifa duniani, hutegemea zaidi kiumbe huyu. Maji ya magadi ya Bonde la Ufa yanampendeza: spirulina husitawi katika maji yenye alkali nyingi na joto la nyuzi 30 hadi 35, mazingira yanayowashinda viumbe wengi wengine. Kwa sababu hiyo anayetaka kuikuza huiga ziwa la magadi. Mchanganyiko uliopendekezwa na Zarrouk mwaka 1966, na ambao bado ni kipimo cha kulinganishia, una gramu 16.8 za bikaboneti ya sodiamu katika kila lita ya maji, pamoja na mbolea yenye nitrojeni, fosforasi, potasiamu na chuma.

Kinachovuta watu ni protini. Kati ya asilimia 55 na 70 ya uzito wa spirulina iliyokauka ni protini, kiwango ambacho maharagwe hayakifikii hata nusu. Ndiyo maana mashirika ya misaada yameipigia debe kama nyongeza katika uji wa watoto walioathirika kwa utapiamlo, na ndiyo maana katika maeneo kama Kisumu wamejitokeza wakulima wanaoikuza kwenye vidimbwi. Unga unaolengwa mtoto mdhaifu hauwezi kupimwa kwa mzani uleule wa bidhaa ya anasa.

PLASTIKI KATIKA MAJI YETU

Kwamba maji ya Afrika Mashariki yana chembechembe hizi si jambo la kukisiwa tena. Mwaka 2016 ulichapishwa uchunguzi wa sangara na sato walionunuliwa sokoni Mwanza, Tanzania. Samaki mmoja kati ya kila watano alikuwa na plastiki tumboni. Mwaka 2018 watafiti wa Kenya walitoa ushahidi wa kwanza kwamba chembechembe hizo zimo katika maji ya bahari ya Kenya, na kwamba vijidudu vinavyoelea baharini vinazimeza; nyingi zilikuwa katika umbo la nyuzi. Mwaka 2020 zilichapishwa taarifa nyingine mbili, moja kuhusu Ziwa Naivasha na nyingine kuhusu upande wa Uganda wa Ziwa Victoria. Katika yote mawili chembe zilipatikana kwenye maji ya juu.

Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa kuanzia Agosti 28, 2017, kwa sheria iliyotajwa wakati huo kuwa miongoni mwa zile kali zaidi duniani: faini ya Sh2 milioni hadi Sh4 milioni au kifungo cha mwaka mmoja hadi minne. Tangu Juni 5, 2020, plastiki za kutumiwa mara moja hazikubaliki katika mbuga, misitu na fuo zilizohifadhiwa. Hatua hizo zilipunguza mifuko iliyokuwa ikining'inia kwenye michongoma na kuziba mitaro. Lakini plastiki haiozi kama jani la mgomba, na mfuko uliotupwa mwaka 2005 huenda leo ni maelfu ya vipande vilivyomo ndani ya tope la mto. Nyuzi za nguo nazo hazikuguswa na sheria yoyote kati ya hizo.

YANAYOTOKEA SELI IKUTANAPO NA PLASTIKI

Tuje sasa kwenye maabara. Dhana ya kwanza inayomjia mtu ni kivuli: plastiki huziba nuru, nao mwani hufa njaa. Dhana hiyo ina mantiki ila haikupata nguvu kubwa katika majaribio. Mwaka 2017, watafiti wa China walichapisha matokeo ya kuweka plastiki ya PVC katika maji yenye mwani wa baharini uitwao Skeletonema costatum. Chembe zenye ukubwa wa maikroni moja zilipunguza ukuaji kwa hadi asilimia 39.7 katika muda wa saa 96. Vipande vya milimita moja, vya plastiki hiyohiyo, havikudhuru kitu. Walipochunguza sababu, kivuli hakikuwa miongoni mwazo. Tatizo lilikuwa kugusana: chembe ziliing'ang'ania seli, na seli zikashikana na chembe hadi zikawa mabonge.

Ukubwa wa chembe, basi, una uzito kuliko wingi wake. Kadiri chembe inavyokaribia kimo cha seli au kuwa ndogo kuliko seli, ndivyo inavyoweza kuipaka juu kama vumbi kwenye jani. Mapema mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Clemson, Marekani, walikuwa wameonyesha jambo hilo kwa vijipira vya polistaireni vidogo mno kuliko maikroni moja. Vijipira vyenye chaji chanya vilinata zaidi kwenye seli za Chlorella na Scenedesmus, kwa kuwa ukuta wa seli una chaji hasi. Seli zilizopakwa hivyo zilitatizika kupata hewa ya kaboni, usanisinuru wake ukafifia, na ndani yake zikazuka kemikali kali za oksijeni ambazo huunguza viungo vya seli.

Watafiti wa Uholanzi walifikia jibu lenye utata kidogo mwaka 2016. Kwa mwani uitwao Dunaliella tertiolecta, vijipira vidogo kabisa vilipunguza ukuaji kwa hadi asilimia 45, ilhali usanisinuru wenyewe haukuathirika sana. Lakini kiwango kilichotumika kilifika robo gramu ya plastiki katika kila lita. Hapa yafaa tusimame kidogo. Ziwani, chembe huhesabiwa kwa idadi katika mita nzima ya ujazo ya maji, yaani lita 1,000. Hakuna mto wa Kenya unaotiririsha robo gramu ya vijipira visivyoonekana kwa lita. Watafiti hutumia dozi kubwa ili waone athari upesi na waielewe. Si kosa lao. Kosa ni la vichwa vya habari vinavyochukua asilimia ya maabara na kuibandika baharini. Mwandishi huyu amewahi kufuta vichwa vya aina hiyo, na anakiri kwamba vingine vimempita.

Isitoshe, mwani si kiumbe wa kukata tamaa. Mwaka 2018 watafiti wengine wa China walifuatilia Chlorella pyrenoidosa iliyotiwa polistaireni kwa siku nyingi zaidi ya zile nne za kawaida. Mwanzoni ilidumaa kama ilivyotarajiwa, utando wa seli ukaharibika na uwezo wa kunasa nuru ukashuka. Baadaye ilijirekebisha. Ukuta wa seli ulinenepa, seli zikajikusanya, na ukuaji ukarejea. Kwa mkulima anayevuna kila baada ya siku chache, kuchelewa huko kwa mwanzo si jambo dogo, hasa anapoanzisha kidimbwi kipya kwa mbegu haba. Ila si kifo cha shamba.

Kuna njia nyingine ya madhara isiyohitaji chembe kugusa seli. Plastiki ya dukani ni mchanganyiko wa dawa nyingi: za kuilainisha, za kuipa rangi, za kuikinga na jua. PVC laini, kwa mfano, hulainishwa kwa kemikali ambazo hazikufungamana nayo kwa nguvu, na huchujuka polepole zikiingia majini. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Macquarie, Australia, waliloweka mifuko ya polithini na mikeka ya PVC katika maji ya bahari, kisha wakatumia maji hayo, bila plastiki yenyewe, kukuzia Prochlorococcus. Huyu ni bakteria mdogo wa kijani anayepatikana kwa wingi usio na kifani katika bahari za joto na anayechangia sehemu kubwa ya oksijeni itokayo baharini. Ukuaji wake ulishuka, na oksijeni aliyotoa ikapungua.

MAVUNO HUKUSANYA VYOTE

Mwani mdogo una ute. Seli nyingi hutoa nje utelezi wa sukari unaozishikanisha, na utelezi huo hunasa kila kinachopita. Watafiti wa Ufaransa walipima jambo hilo mwaka 2015 kwa vijipira vya maikroni mbili. Vikiwa peke yake vilishuka kuelekea chini kwa milimita chache tu kwa siku. Vilipofungwa ndani ya mabonge ya mwani vilishuka makumi hadi mamia ya mita kwa siku. Wapo wanasayansi wanaotaka kuitumia tabia hii kwa manufaa, wakiuweka mwani katika mitambo ya kusafisha maji taka ili ukusanye plastiki kama ufagio. Ni wazo zuri. Ila mkulima na atazame upande wa pili wa sarafu: kama mwani ni ufagio, basi yeye anauza kilichofagiliwa.

Hesabu yenyewe si ngumu. Kidimbwi kilichokomaa huwa na takriban nusu gramu ya spirulina kavu katika kila lita. Ili kupata kilo moja ya unga, mkulima hana budi kupitisha lita 2,000 za maji katika kitambaa chake. Kitambaa hicho kwa kawaida kina matundu ya maikroni 30 hadi 50. Uzi wa spirulina haupiti hapo, na kipande chochote cha plastiki kilichozidi kimo hicho hakipiti pia. Tuseme kila lita ina kipande kimoja tu kinachonaswa. Kilo ya unga itakuwa na vipande 2,000, na kijiko cha gramu 5 kitakuwa na 10.

Vile vilivyo vidogo kuliko matundu havijaondoka vilevile. Maji yenye chumvi za bikaboneti ni ghali, kwa hivyo baada ya kuchujwa hurudishwa kidimbwini. Kisha kuna jua. Chukua kidimbwi cha mita 10 za mraba chenye kina cha sentimita 20. Kina lita 2,000. Jua likinyonya milimita 5 kwa siku, lita 50 hupaa, na mkulima huongeza nyingine 50. Kwa siku 40 atakuwa amemwaga humo maji mengine ya kujaza kidimbwi kizima. Kwa mwaka, ni vidimbwi tisa. Maji hupaa yakiwa safi, plastiki haipai. Chochote kilichokuwa haba mtoni hujilimbikiza polepole ndani ya turubai, kama chumvi inavyojilimbikiza Magadi, na kadiri kinavyojilimbikiza ndivyo hali ya kidimbwi inavyokaribia ile ya maabara ambayo tumeisema kuwa ya kutiwa chumvi.

Na hayo ni maji ya nje tu. Plastiki iliyo karibu zaidi na zao ni ile ya shamba. Miale ya urujuanimno ya jua la ikweta huikausha plastiki ya vivungulio hadi ikawa kama karatasi kuukuu, na ndiyo sababu haidumu zaidi ya miaka michache. Inapoanza kupauka na kuchanika huwa tayari inadondosha vumbi lake kidimbwini. Turubai la chini hukwaruzwa na ufagio wa kusafishia. Makasia ya plastiki husuguana na ekseli mchana kutwa. Kitambaa cha nailoni hukamuliwa na kusuguliwa kila siku ya mavuno hadi nyuzi zake zikatoka. Unga wenyewe ukianikwa mahali pa wazi hupokea kila uzi unaopeperuka kutoka katika nguo za wafanyakazi.

Shirika la Afya Duniani lilipochapisha taarifa yake kuhusu chembechembe za plastiki katika maji ya kunywa mwaka 2019, lilisema kwamba zile zilizozidi maikroni 150 huenda zikapita mwilini bila kufyonzwa, na kwamba zile ndogo zaidi zinahitaji uchunguzi zaidi, huku likihimiza uchafuzi upunguzwe bila kungoja uchunguzi huo. Kitambaa cha spirulina hunasa zilizo juu ya mpaka huo na zilizo chini yake pia. Hakuna sababu ya kumtisha mlaji, ambaye pengine humeza nyuzi nyingi zaidi za plastiki kwa kuvuta hewa ya chumbani mwake. Sababu ipo ya kumtaka muuzaji asiandike "safi" kabla ya kuangalia.

NAMNA YA KUJIKINGA

Hatua ya kwanza ni kuchuja yaingiayo kwa kitu chembamba kuliko kinachochuja yatokayo. Ikiwa kitambaa cha mavuno kina matundu ya maikroni 40, maji ya kujazia yapite katika chujio la maikroni 10 au 5, ili kisibaki chochote kinachoweza kunaswa pamoja na zao. Wakulima wengi hufanya kinyume: huyatazama maji ya kisima, wakayaona meupe, wakayafungulia. Kisima kirefu kilichochimbwa kwa mashine kwa kawaida kina plastiki chache kuliko mto, kwa kuwa udongo umekwisha kuyachuja maji. Ila tangi la plastiki lililokaa juani miaka kumi, na bomba lake, huweza kuirudisha. Mchanga safi ndani ya pipa, maji yakipita polepole, nao husaidia sana kwa gharama ndogo.

Ya pili ni kubadilisha vifaa kabla havijaanza kupauka, na kuchagua vinavyofaa tangu mwanzo. Turubai la polithini nzito lililotengenezwa kwa ajili ya maji ya kunywa ni bora kuliko PVC laini ya bei nafuu, kwa sababu halihitaji kemikali za kulilainisha. Kitambaa cha kuchujia kinaweza kuwa wavu wa chuma kisichopata kutu. Ni ghali siku ya kununua, ila haukatiki nyuzi. Mahali pa kukaushia pafunikwe, na trei za chuma zitumike badala ya nyavu za plastiki. Mara kwa mara sehemu ya maji ya zamani imwagwe kabisa badala ya kurudishwa, mbali na mto na mitaro ya kunyweshea mifugo, maana yana chumvi nyingi.

Kupima ndiko kugumu. Mtu anaweza kufikiri kwamba atatia unga chini ya hadubini na kuhesabu. Wanasayansi hutumia rangi iitwayo Nile Red ambayo huing'arisha plastiki chini ya nuru maalumu, lakini rangi hiyohiyo hushika mafuta yaliyomo ndani ya mwani, na kila kitu kikang'aa. Hivyo sharti kwanza mwani uteketezwe kwa dawa kama haidrojeni peroksaidi, kisha mabaki yapimwe kwa mashine zinazotambua aina ya plastiki kwa miale ya nuru. Kazi hiyo ni ya maabara kubwa, na mkulima wa vidimbwi viwili haimudu gharama yake.

Kimataifa, Mkutano wa Umoja wa Mataifa kuhusu Mazingira uliofanyika Nairobi uliamua Machi 2, 2022 kwamba uandaliwe mkataba wenye nguvu ya kisheria dhidi ya uchafuzi wa plastiki. Mazungumzo yalipitia miji kadhaa, yakarudi Nairobi Novemba 2023, na kikao cha Geneva cha Agosti 2025 kikavunjika bila mwafaka.

Mkulima anayetaka kujua hali yake leo ana jaribio moja asiloweza kuzuiwa na yeyote. Achukue kidimbwi kitupu kilichosafishwa, akijaze maji yaliyochujwa bila kutia mbegu wala mbolea, azungushe makasia kwa siku tatu kivungulio kikiwa kimefungwa kama kawaida. Kisha ayapitishe maji yote katika kitambaa kipya cha mavuno, akaushe kitambaa, akitandaze juu ya karatasi nyeupe na kukitazama kwa kioo cha kukuza. Hakuna spirulina hapo ya kufunika kitu. Nyuzi za buluu, vipande vyembamba vinavyong'aa na unga mweupe wa turubai atakavyoviona vimetoka katika vifaa vyake, na ndivyo vinavyoingia katika kila mfuko anaouza.